Kila pikipiki na barabara yake: Kutoka Rongai hadi Magadi

WAHENGA walisema mchagua jembe si mkulima. Lakini wahenga hao hawakuwahi kupanda pikipiki. Anayenunua pikipiki bila kuchagua, hasa akivutwa na sinema au na mngurumo wa pikipiki ya jirani, huenda akajikuta na chombo kizuri kisichofaa kwa njia anayopita kila siku.

Jijini Nairobi pikipiki si ajabu tena. Kuna za bodaboda, za kupeleka vifurushi na chakula, za polisi na za matarishi wa ofisi. Lakini Jumapili asubuhi huonekana nyingine za sura tofauti. Ni kubwa, ndefu na zinang'aa. Mwendeshaji ameketi chini kama aliyeegemea kiti cha sebuleni, miguu ameinyosha mbele, mikono ameiinua usawa wa kifua.

Hizo ndizo kruza. Watoto husimama kando ya njia kuzitazama na vijana wa vyuo huziota usiku. Wazazi nao huuliza: Je, hicho ni chombo cha safari au ni cha madaha tu?

Muuzaji hawezi kulijibu swali hilo kwa haki, kwa maana yeye anataka kuuza. Barabara haina cha kuuza. Na barabara inayofaa sana kwa mtihani huu ni ile itokayo Nairobi kwenda Magadi. Ni mwendo wa kilomita mia moja na ushei, na ndani yake mna barabara nne: msongamano wa mji, kona za ukingo wa Bonde la Ufa, nyika iliyonyooka, na vumbi la ziwani. Kila moja ina pikipiki inayoipenda.

ZILIKOZALIWA

Kabla ya kufunga safari, tujue kwanza nani ni nani.

Kruza ni mzaliwa wa Marekani. Kampuni ya Indian ilianza mwaka wa 1901 katika mji wa Springfield, Massachusetts. Harley-Davidson ikafuata mwaka wa 1903 huko Milwaukee, Wisconsin. Nchi yao ni pana, miji iko mbalimbali, na barabara nyingi zimenyooka hadi upeo wa macho. Mtu anayekwenda kwa mwendo mmoja saa nyingi hana haja ya kuinama wala kubadilisha gia kila mara. Anahitaji kiti kipana na injini isiyo na pupa.

Injini hiyo aghalabu ina silinda mbili zilizopangwa kama herufi V. Ile ya Harley-Davidson iliyojulikana zaidi ina pembe ya nyuzi 45, na pistoni zake mbili zimeshikwa na pini moja. Kwa sababu hiyo milipuko yake haifuatani kwa nafasi sawa. Hulipuka mara mbili karibu karibu, kisha ikapumua. Ndiyo maana sauti yake husikika kama mtu anayechechemea. Mwaka wa 1994 kampuni hiyo iliomba sauti hiyo isajiliwe kuwa alama yake ya biashara. Wapinzani walikuja juu, na mwaka wa 2000 ikaliondoa ombi lenyewe.

Sinema nazo zilifanya kazi yake. Filamu ya Easy Rider ya mwaka wa 1969 iliwafanya vijana wa nchi nyingi waamini kwamba uhuru una magurudumu mawili. Waliokuwa shuleni miaka ya 1990 watamkumbuka Arnold Schwarzenegger akiwa juu ya Harley-Davidson Fat Boy katika Terminator 2 ya mwaka wa 1991.

Wajapani hawakukaa bure. Yamaha ilitoa Virago mwaka wa 1981 na Honda ikatoa Shadow mwaka wa 1983. Ushindani ulikuwa mkali hata serikali ya Rais Ronald Reagan, mwaka huo wa 1983, ikapandisha ushuru wa pikipiki kubwa kutoka nje, zile zinazozidi 700cc, kutoka asilimia 4.4 hadi asilimia 49.4 ili kuilinda Harley-Davidson.

Pikipiki za mbio zina asili nyingine. Miaka ya 1950 na 1960 vijana wa London walikutana kwenye mkahawa wa Ace Cafe, kando ya barabara ya North Circular. Walizichukua Triumph, Norton na BSA zao, wakashusha mikono ya usukani na kurudisha vikanyagio nyuma ili walale juu ya tanki na kuukata upepo. Baadaye Wajapani waliigeuza tamaa hiyo kuwa bidhaa ya kiwandani, kama Suzuki GSX-R750 ya mwaka wa 1985.

Za tatu ni pikipiki za safari ngumu. BMW ilifungua mlango huo mwaka wa 1980 kwa R 80 G/S, yenye injini ya barabarani na miguu mirefu ya porini. Mwaka uliofuata ikashinda mashindano ya Paris hadi Dakar.

Na za nne ni zile za kazi. Mama yao ni Honda Super Cub iliyoanza mwaka wa 1958. Kufikia mwaka wa 2017 zilikuwa zimeundwa milioni 100, idadi ambayo hakuna chombo kingine cha injini kilichowahi kuifikia. Boxer ya kampuni ya Bajaj ya India, ambayo kila Mkenya anaijua, ni ya ukoo huo huo wa punda wasiochoka.

Basi tuondoke.

RONGAI, UFALME WA BODABODA

Ukipita Bomas of Kenya na kushika njia ya Ongata Rongai, wa kwanza kukupokea ni msongamano. Matatu za nambari 125 na 126, na michoro na muziki wake, husukumana kugombea abiria. Kuna mikokoteni, kuna matuta, na kuna watu wanaovuka popote panapowapendeza.

Hapa mfalme ni Boxer. Uzito wake ni kama kilo 120 tu. Usukani wake ni mwembamba, hugeuka palepale, na mwendeshaji huketi wima akiona juu ya paa za magari madogo. Kwa lita moja ya petroli huenda kilomita 40 na zaidi. Aliyeiunda alijua kuna mtu atakayeishi juu yake kutoka alfajiri hadi usiku.

Kruza hapa ni mzigo. Fat Boy hupita kilo 300. Usukani wake mpana haupenyi kati ya magari, na akisimama mwendeshaji huanza kuchomeka. Injini inayopozwa kwa upepo haina upepo pale Rongai, na silinda ya nyuma imekaa chini ya mapaja yake. Nusu saa ya namna hiyo humfanya mtu ajiulize kwa nini hakupanda matatu.

Pikipiki ya mbio haina nafuu kubwa. Mwendeshaji ameinama, uzito wake umelala juu ya viganja, na shingo ameikunja ili aone mbele. Mwendo wa konokono haukuwa akilini mwa aliyeichora.

Hata hivyo kruza ina sifa moja mjini. Kiti chake kiko chini, aghalabu kama sentimita 70 kutoka ardhini. Mtu mfupi hukanyaga chini kwa nyayo zote mbili bila wasiwasi. Linganisha na BMW R 1250 GS ya mwaka wa 2018, ambayo kiti chake cha kawaida huanzia sentimita 85. Hapo mtu wa kimo cha wastani husimama kwa ncha za vidole. Ndiyo sababu Honda Rebel, kruza ndogo ya 250cc iliyotoka mwaka wa 1985, ilitumiwa sana Marekani kuwafundishia wanaoanza, wanawake kwa wanaume.

KONA BARIDI

Baada ya Kiserian barabara hupanda hadi Kona Baridi, kwenye mkia wa milima ya Ngong. Jina si la utani. Upepo wa hapo hupenya koti. Kisha mbele yako ardhi huisha ghafla, na Bonde la Ufa likafunguka chini, safu baada ya safu, hadi macho yashindwe.

Wengi husimama hapa kupiga picha, nao wana haki. Lakini mwendeshaji asiisahau kazi iliyo mbele. Kutoka hapa hadi ziwani barabara hushuka zaidi ya mita 1,000, na kona zake hazimsamehi mzembe.

Pikipiki haipigi kona kama gari. Hulala upande, na kadiri mwendo unavyozidi ndivyo inavyotakiwa kulala zaidi. Kwa hesabu ya fizikia ya shule ya upili, kona ya duara lenye nusu kipenyo cha mita 50 ikipigwa kwa kilomita 40 kwa saa hutaka pikipiki ilale nyuzi kama 14. Kona hiyo hiyo kwa kilomita 60 kwa saa hutaka nyuzi 30 hivi. Mwendo umeongezeka kwa nusu tu, lakini mlalo umekuwa mara mbili.

Na nyuzi 30 hivi ndipo kruza nyingi hufikia mwisho wake. Tumbo lake liko chini, kwa hiyo vikanyagio huanza kukwaruza lami na kutoa cheche. Watazamaji huona hiyo kuwa ni raha. Kwa kweli ni kengele. Ukilazimisha zaidi, chuma huegemea barabara na kuinua gurudumu, na hapo hakuna tena cha kushikilia njia.

Pikipiki ya mbio iko nyumbani hapa. Vikanyagio vyake viko juu, inalala zaidi, na breki zake ni kali. Lakini nayo ina majaribu yake. Hukufanya uone kila kona ni ndogo, na katika njia hii nyuma ya kona huenda kuna ng'ombe, lori lililoharibika au mchanga uliomwagika. Pia katika mteremko mrefu uzito wote wa mwili hushuka kwenye viganja.

Anayeteremka kwa raha zaidi ni mwenye pikipiki ya kawaida, ile ya kuketi wima, miguu chini ya mwili na usukani wa kadiri. Haina sifa kwenye picha. Lakini ukiketi hivyo unaona mbali, unainama kwa urahisi na unasimama haraka.

Mwenye kruza naye atafika salama akiikubali tabia ya chombo chake. Apunguze mwendo kabla ya kona, wala si katikati yake. Ateremke na gia, asishikilie breki njia nzima hadi zichemke na kulegea. Mwenda pole hajikwai, na katika Kona Baridi hiyo si methali ya kupamba insha.

NYIKA YA OL TEPESI

Sasa upepo wa baridi umekwisha na joto limeanza kupanda mwilini. Barabara imetulia, imejinyoosha kati ya migunga. Kuna mbuzi, punda na vijana wenye shuka nyekundu wanaochunga. Mara moja moja twiga huinua shingo juu ya miti.

Hapa ndipo kruza hueleza kwa nini ilizaliwa.

Injini ya silinda pana na yenye mkono mrefu huvuta kwa nguvu hata ikizunguka polepole. Ukiwa katika gia ya juu kwa kilomita 80 kwa saa, huna haja ya kufanya jambo lolote. Kilima kidogo kikija, unaongeza mafuta kidogo nayo inapanda bila kulalamika. Mwili wake mrefu na miguu ya mbele iliyotangulizwa huifanya ishike mstari bila kuyumba. Mgongo umelegea, mikono imelegea, na macho yana nafasi ya kutembea.

Mwenye pikipiki ya mbio katika nyika hii hana burudani. Akienda kwa kilomita 80 anaona kama amefungwa kamba, na akienda kasi anayoitaka anayaweka maisha yake mikononi mwa mbuzi. Boxer nayo itafika, lakini injini ndogo hulia muda wote, na baada ya saa nzima mtikisiko huhamia vidoleni.

Raha ya kruza ina mpaka wake. Kwa kilomita 80 au 90 upepo hukupiga kifuani kama rafiki. Kwa kilomita 120 mwili wako hugeuka tanga la jahazi, na mikono hufanya kazi ya kukuzuia usipeperuke. Na kuna mashimo. Springi ya nyuma ya kruza nyingi aina ya Sportster hucheza chini ya sentimita 10, ilhali ya R 1250 GS hucheza sentimita 20. Tena, kwa kuwa miguu iko mbele, huwezi kuinuka kitini shimo likija. Pigo lote hupanda uti wa mgongo.

Jambo jingine ni mafuta. Sportster Forty-Eight, iliyotoka mwaka wa 2010 na kupendwa kwa umbo lake, ilikuwa na tanki la lita 7.9 tu. Kwa lita tano kila kilomita 100, huishiwa kabla ya kilomita 160. Nairobi hadi Magadi na kurudi ni zaidi ya kilomita 200. Asiyepiga hesabu kabla ya kuteremka atasukuma urembo wake juani.

Katikati ya nyika hii pana mahali pa kupumzisha mwili na kuamsha akili, napo ni Olorgesailie. Mwanajiolojia John Walter Gregory aliona zana za mawe hapa mwaka wa 1919, na katika miaka ya 1940 Louis na Mary Leakey wakaanza kuchimbua. Mashoka ya mkono ya watu wa kale bado yamelala chini kwa wingi.

Mwaka wa 2018 watafiti walitangaza kwamba watu wa hapa, yapata miaka 300,000 iliyopita, walipata mawe meusi ya kioo kutoka umbali wa kilomita 25 hadi 90. Mawe yalikuwapo papo hapo, lakini kwa zana ndogo zenye makali walitaka jiwe jingine, nalo likasafirishwa mbali hivyo. Kwa hiyo kuchagua chombo kulingana na kazi si tabia ya matajiri wa mjini. Ni desturi ya kale kuliko lugha zetu zote.

MAGADI NA MBELE YAKE

Magadi hujitangaza kwa mng'ao. Ziwa ni jeupe hapa, jekundu kule, na rangi ya waridi kando ambako maji ya chumvi yamesimama. Heroe huonekana wakitafuta chakula. Kampuni ya kuchimba magadi iliundwa mwaka wa 1911, na mji wote ulikua kwa ajili ya kazi hiyo. Joto la mchana hapa hupita nyuzi 35 mara nyingi, na chuma cha tanki hakigusiki.

Lami inapokwisha, mambo hubadilika. Njia za kwenda kwenye chemchemi za maji moto, au za Shompole na Nguruman, ni za mawe, mchanga na vumbi jepesi kama unga. Kruza iliyokuwa malkia nyikani sasa ni mgeni aliyevaa viatu vya arusi shambani. Gurudumu la mbele huzama, tumbo hugonga mawe, na zile kilo 300 zikianguka haziinuliwi na mtu mmoja.

Pikipiki za safari ngumu ndizo za hapa. Mwendeshaji husimama juu ya vikanyagio, magoti yakiwa springi ya pili, naye huona mbele. Mwaka wa 2007 waigizaji Ewan McGregor na Charley Boorman walipita kaskazini mwa Kenya kwa BMW R 1200 GS wakielekea Cape Town, wakati barabara ya Moyale ilikuwa bado haijatiwa lami. Baada ya filamu ya safari yao, wengi waliamini kwamba bila pikipiki kama hiyo Afrika haipitiki.

Imani hiyo ina chumvi nyingi kuliko Magadi. Mwingereza Ted Simon aliondoka London mwaka wa 1973 kwa Triumph ya kawaida ya 500cc, akapita Kenya, na miaka minne baadaye alikuwa amezunguka dunia kwa zaidi ya kilomita 100,000. Na hapa hapa Magadi, kijana mwenye Boxer huenda akapita kwa upole pale ambapo mgeni mwenye pikipiki ya kilo 250 amesimama akitafakari. Katika mchanga, wepesi ni bora kuliko nguvu.

Onyo moja la lazima: usiingie juu ya ziwa lenyewe kwa sababu limekauka machoni. Ganda la juu ni gumu, lakini chini yake kuna tope. Pikipiki nzito huzama, na hakuna kivuli wala mpita njia.

KUPENDA NA KULAZIMIKA

Kwa hiyo tukihesabu alama, katika sehemu nne za safari yetu kruza imeshinda moja tu. Mashabiki wa mbio wataicheka na kuiita sofa ya magurudumu. Wenye kruza nao watasema wale wengine wana haraka ya kwenda wapi. Mabishano haya hayana mwisho, nayo husahau mtu mmoja.

Mtu huyo ni mwendeshaji wa bodaboda. Yeye hakuchagua mtindo. Kazi hiyo ilianza kwa baiskeli za kuvusha watu katika mpaka wa Busia, na leo ndiyo inayolipa karo na kodi ya nyumba katika maelfu ya familia. Wakati mwenye kruza anazungumza juu ya raha ya mgongo, yeye ameketi juu ya kiti kimoja saa 12 akibeba abiria, magunia na mitungi ya gesi. Upendeleo ni anasa. Mwenye anasa hiyo asimdharau aliyeikosa, na barabarani amwachie nafasi kama anavyomwachia mwenzake wa Jumapili.

Abiria naye ana sehemu yake. Ukimwambia mwenye bodaboda akimbie kwa sababu wewe umechelewa, umemwomba akuuzie usalama wa wote wawili.

Aina zote za pikipiki ni sawa katika jambo moja: hakuna iliyo na mwili wa kukukinga. Kwa kilomita 90 kwa saa unapita mita 25 kila sekunde. Ukichelewa sekunde moja kushika breki, zimekwenda mita 25 kabla breki haijaanza kazi. Uchambuzi uliounganisha tafiti nyingi, uliochapishwa mwaka wa 2008, ulionyesha kwamba kofia ngumu hupunguza hatari ya kufa ajalini kwa asilimia kama 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia kama 69. Kofia iliyotundikwa kwenye usukani haipunguzi hata moja. Na mtoto ambaye miguu yake haifiki vikanyagio bado hana umri wa kubebwa, hata kama ni hadi dukani tu.

Kijana akija nyumbani akisema anataka pikipiki, wazazi wasianze kwa ugomvi. Wamuulize maswali matano. Utapita njia gani siku sita za juma, si ile ya Jumapili? Ukiketi, nyayo zako zinafika chini? Ikianguka, utaiinua peke yako? Kuna nani atakayeketi nyuma? Na baada ya kuinunua, zitabaki pesa za kofia, koti, mafunzo na leseni ya daraja A? Akijibu matano yote kwa ukweli, nusu ya uchaguzi umekwisha.

MAONI YANGU

Mwandishi asijifiche nyuma ya barabara. Mimi ni mpenzi wa kruza, na mtihani huu haukunibadilisha. Sehemu ile moja iliyoshinda, kutoka mteremko unapokwisha hadi ziwa linapong'aa, ndiyo sehemu inayonifanya nitake kusafiri. Sitaki kufika mapema. Nataka kuiona njia.

Lakini sitaki kruza ya kilo 300. Chukua mfano wa Royal Enfield Meteor 350 iliyotolewa mwaka wa 2020. Ina kilo 191, kiti cha sentimita 76 na nusu, na tanki la lita 15 ambalo hukupeleka Magadi na kukurudisha. Nguvu yake ni farasi 20 tu. Haitamwogopesha mtu wala kutetemesha madirisha ya jirani. Ila kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa katika nyika ya Ol Tepesi, sijui ningefanya nini na farasi wengine 60.

Mwenzangu anayekwenda kazini kila siku kupitia Rongai atasema nimekosea, naye kwa njia yake amesema kweli. Binti wa chuo anayependa kona atachagua nyingine. Afisa wa mifugo wa Shompole atatucheka sote.

Basi, msomaji, kabla hujalipa hata senti, panda matatu au gari la rafiki uipite njia yako kwa makini. Hesabu matuta yake, kona zake, mashimo yake na vituo vyake vya mafuta. Ukishaijua njia, nenda dukani. Muuzaji akianza kukusifia mng'ao wa ekzosi, mwambie kwanza unatoka wapi na unakwenda wapi.